Miezi saba natembea na kitochi, simu janja iko juu ya kabati. Tujadili

Mtunzastoo

Wakuu, habari za Jumapili.

Niweke wazi mapema kabla sijarushiwa mawe: sijafulia, sijaibiwa, sijaokoka, wala mke wangu hanichunguzi simu. Simu janja ninayo, nzima, na ndiyo ninayoandikia sasa hivi. Ila haitoki nyumbani. Ninachotembea nacho ni kitochi, au kiswaswadu kwa wale wa zamani.

Mimi ni mtunza stoo kwenye kampuni moja ya vifaa vya ujenzi hapa Dar. Kazi yenyewe ni ya mikono na daftari: nondo zimeingia ngapi, saruji imetoka mifuko mingapi, dereva asaini, mlinzi agonge muhuri getini. Saa moja na nusu asubuhi nafungua, saa kumi na moja jioni nafunga, funguo nakabidhi kwa mlinzi. Zamani ukishakabidhi funguo umemaliza. Bosi akitaka kujua misumari ya inchi nne imebaki kilo ngapi, analala nalo, asubuhi anajibiwa.

Yakaja magrupu ya WhatsApp. Lilianza moja la stoo. Likafuata la stoo na mauzo. Likazaliwa la stoo na madereva, halafu moja ambalo mpaka leo sijui ni la nini, lina watu kumi na mmoja na picha ya bendera. Saa tatu usiku nimeshanawa, ugali uko mezani, simu inaita: "Stoo, tupigie picha ya mabati yaliyobaki." Mabati yako ndani ya stoo iliyofungwa, funguo ziko kwa mlinzi, mimi niko Chanika! Ukikaa kimya, tiki mbili za bluu zinakushtaki. Ukizizima, unaulizwa kwenye kikao kwa nini umezima tiki.

Siku moja nikakaa nikapiga hesabu. Simu nilinunua kwa hela yangu. Bando najiunga mimi. Umeme wa kuichaji ni LUKU yangu. Picha za risiti na mabati zikajaa mpaka ikabidi nifute video za mwanangu akijifunza kutembea ili simu ipate pumzi. Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Kama simu ni kifaa cha kazi, kampuni inipe. Mbona foklifti siji nayo kutoka nyumbani?

Basi nikaenda Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikachukua kitochi cha laini mbili. Kazini nikawaambia ukweli: simu kubwa inalala nyumbani, mwenye shida anipigie.

Wakuu, mnajua wananipigia mara ngapi baada ya saa za kazi? Mara mbili kwa wiki, na kuna wiki hawapigi kabisa. Watu walewale, stoo ileile. Kuandika kwenye grupu hakumgharimu mtu kitu, anaandika akiwa chooni. Kupiga lazima akusalimie, aulize familia, halafu aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba anataka picha ya mabati saa tatu usiku. Wengi wakifika hapo wanaona aibu.

Mambo mengine yanaenda. Umeme nanunua kwa menyu ya M-Pesa, nyota mia na hamsini nyota sifuri sifuri reli, zile tarakimu ishirini zinakuja kwa meseji, naziingiza kwenye mita. Bosi aliyekuwa ananitumia sauti za dakika nne sasa anaandika "Geji 30 yapo?" Namjibu "Yapo 64". Meseji moja ni herufi 160, imemfundisha adabu.

Na jioni zimerudi. Nimeteremsha redio ya marehemu baba kutoka darini, National ya mawe manne makubwa, najaribu kuifufua. Nikipata nafasi nitawaeleza.

Nawasilisha.

Kiti_cha_Dirishani

Uzi bila picha haunogi. Weka picha ya hicho kitochi.

Mtunzastoo

Ya kitochi nitaweka, mkuu. Ya mabati ndiyo siwezi.

Mama Broila

Kaka Mtunzastoo, nimekusoma mpaka mwisho, nimecheka, halafu nimenuna kidogo. Wewe una mshahara. Mwezi ukiisha unaingia, kitochi au bila kitochi. Sisi wengine ile simu unayoiweka kabatini ndiyo fremu yetu ya duka.

Nafuga kuku wa nyama, mia tatu kwa mkupuo. Sijui kama unajua hesabu ya broila. Wiki ya nne wa kwanza wanaanza kufaa, wiki ya tano ndiyo utamu wake, wiki ya sita ikipita bandani wanaanza kukula wewe. Kuku anakula chakula kingi, kilo anaongeza kidogo, na mteja hakuongezei bei kwa sababu kuku wako ni bonge. Kwa hiyo nina kama siku kumi za kuwamaliza. Naweka stetasi asubuhi: kuku wamechinjwa, wamenyonyolewa, hawa hapa kwenye mizani. Naweka tena jioni. Na oda zinaingia lini? Saa tatu usiku hiyohiyo! Mtu ametoka kazini, amefika nyumbani, ameoga, ndiyo anakumbuka kwamba Jumamosi ana wageni.

Nikitembea na kitochi mimi, kuku wanafika miezi miwili bandani wananiimbia taarabu.

Na huyo anayekuomba picha ya mabati usiku, usishangae dakika mbili kabla alikuwa ananiagiza kuku watatu wa kukaanga. Mimi namshukuru kwa kuwa macho.

Mtunzastoo

Dada umenipiga na kitu kizito. Nakubali kwa asilimia zote. Ila tofauti tuiweke: wewe ukijibu saa tatu usiku, hela inaingia kwako. Mimi nikijibu, napata dole gumba.

Mama Broila

Dole gumba hahaha. Haya, hapo nimekuelewa.

Fundi Risasi

Naomba niingie kwenye upande wangu, maana hivi vitu navifungua kila siku.

Watu wanashangaa kitochi kinakaa siku nne au tano bila chaji wakati betri yake ni ndogo. Ile betri ya BL-5C, bapa, inayojulikana na kila fundi Afrika Mashariki, ni miliampia 1,020 tu. Simu janja ya sasa inabeba 5,000, karibu mara tano, na jioni inakuomba waya. Siri haiko kwenye betri. Simu janja hata ukiiweka mfukoni inahangaika: data iko hewani, programu zinaamshana, na ukiiwasha kioo kinakunywa moto kuliko kitu kingine chochote ndani yake. Kitochi kikikaa mfukoni kinasikiliza mnara tu, basi.

Lakini msidanganyane kwamba vitochi vya leo ni vile vya zamani. Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003 iliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na iliundwa kwa watu kama sisi: tochi juu, vitufe ni ngozi moja ya mpira isiyopitisha vumbi, mgongo usioteleza kwenye mkono wa jasho. Ilianguka, ilikanyagwa, iliamka. Vya sasa vingi gamba lake ni jepesi kama kikombe cha mtindi, na tundu la chaji linalegea ndani ya mwaka. Ukikipenda usikiachie mtoto.

Hiyo BL-5C usiitupe hata simu ikifa. Redio ndogo za kichina na spika za mkononi nyingi zinaila hiyohiyo.

Sasa tuambie hiyo National inaumwa nini.

Mtunzastoo

Fundi, dalili ni mbili. Nikizungusha sauti inakwaruza kama paka yuko ndani. Na nikiichomeka kwenye umeme inanguruma "mmmmm" mfululizo, mtangazaji anasikika kwa mbali. Nikiweka mawe ngurumo inaisha, mkwaruzo unabaki.

Fundi Risasi

Umejieleza vizuri kuliko wateja wangu wote. Hayo ni magonjwa mawili tofauti.

Mkwaruzo ni volyumu imeingia vumbi. Fungua, dondoshea spiriti kidogo pale inapozungukia, zungusha mwanzo mpaka mwisho mara ishirini au thelathini, acha ikauke kabisa ndipo uwashe. Usiweke mafuta ya kupikia kama alivyofanya jamaa mmoja, nilipoifungua ilikuwa inanukia vitumbua.

Ngurumo inayokuja kwenye umeme na kutoweka kwenye mawe ni ile kapasita kubwa ya upande wa umeme, imekauka. Kazi yake ni kulainisha umeme baada ya kugeuzwa. Ikifa, mawimbi ya umeme wa ukutani yanapita moja kwa moja mpaka kwenye spika. Inunue yenye faradi zilezile, volti iwe sawa au zaidi, na angalia upande wa hasi usiugeuze. Ukiugeuza utasikia mlio mwingine kabisa. Na chomoa waya ukutani kwanza, nasema hivi kwa sababu najua watu.

Mulika Mwizi

Niaje watu wa Tanzania. Hiyo mnaita kitochi, sisi huku Nairobi ni kabambe, ama katululu, ama mulika mwizi kama jina langu, juu ya ile tochi.

Mimi niko kwa boda, Kayole, na nina simu mbili. Smatifoni ni ya kutafuta njia na kuongea na wasee. Kabambe ndiyo ina laini ya M-Pesa. Sababu ni rahisi. Mteja akishuka lazima alipe, na kama simu imezima nimebeba mtu bure. Kabambe haizimi. Pili, saa mbili usiku pale stejini nikitoa kabambe hakuna mtu anageuza shingo. Nikitoa ile ingine, kuna kijana atapita mbio.

Watu husahau hii kitu ilitengenezewa kabambe. M-Pesa ilianza Machi 2007, wakati huo simu janja tulikuwa tunaziona kwa matangazo. Mpaka leo mama mboga wa hapa kwetu hajui programu ni nini, na anapokea pesa mchana kutwa.

Kuhusu mdosi kukutafuta usiku, huku mwaka 2022 muswada uliletwa Seneti wa kumpa mfanyakazi haki ya kutojibu baada ya saa za kazi. Waajiri walipiga kelele sana. Ufaransa wameiweka kwa sheria tangu Januari 2017. Sisi bado tunajibu tu. Mimi sina mdosi, nina mwenye pikipiki, na huyo hupiga simu saa moja usiku kila siku, swali lake ni moja: "Iko ngapi?"

Kiti_cha_Dirishani

"Iko ngapi" nimeipenda bure.

Meneja Mnyonge

Nimekaa kimya nasoma, naona nijisalimishe. Mimi ndiye yule wa saa tatu usiku. Si wa kampuni yako Mtunzastoo, usitetemeke, ila nina watu tisa chini yangu na nina magrupu manne.

Inakuwaje? Saa mbili na dakika arobaini mkurugenzi anaandika kwenye grupu la mameneja: "Nani ana takwimu za leo?" Tuko sita. Wa kwanza kujibu ndiye mchapakazi, wa mwisho atakumbukwa kwenye tathmini. Kwa hiyo nachukua lile swali kama lilivyo, nalitupa kwenye grupu la chini. Vijana wananitumia, naipandisha juu. Mkurugenzi anaweka dole gumba, analala. Kesho asubuhi hakuna anayeziulizia tena zile takwimu. Nimefanya kazi hivi miaka sita, na sikumbuki hata mara moja ambapo jibu la usiku lilibadilisha kitu kilichofanyika asubuhi. Tunaonyeshana tu kwamba tuko macho.

Kisheria, kwa kuwa mtu ataniuliza: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki, saa 9 kwa siku. Ziada ni kwa makubaliano, isizidi saa 50 ndani ya wiki nne, na inalipwa mara moja na nusu. Sasa kutafuta picha ya mabati dakika kumi utaiandikia fomu ya ziada? Hakuna anayefanya hivyo, na ndipo ilipofichwa. Na sisi tunaosimamia wenzetu kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu, vifungu hivyo vya saa havituhusu kabisa. Ndiyo maana ya jina langu.

Mtunzastoo

Meneja, nimekuonea huruma, kitu ambacho sikutegemea leo. Nunua kitochi.

Meneja Mnyonge

Nikinunua kitochi wiki ijayo nitakuwa natafuta kazi nacho. Kina betri ya kutosha kwa zoezi hilo, fundi amesema.

Msikilizaji wa Kale

Wanangu, nimesoma mazungumzo yenu nikiwa na mjukuu wangu ananisaidia kuandika.

Mnaongea kana kwamba magrupu yameletwa na hizi simu. Sisi tulikuwa na kadi za salamu. Unanunua kadi, unajaza majina ya unaowasalimu, unaandika ujumbe wako pale chini, unapeleka posta. Unakaa wiki mbili, tatu, sikio liko redioni. Siku inasomwa, mtaa mzima unajua. Kulikuwa na watu wa salamu ambao nchi nzima iliwafahamu kwa majina na hakuna aliyewahi kuwaona sura. Walikuwa na vyama vyao, wakitembeleana mikoani, mtu anatoka Tanga anapokelewa Tabora na watu aliowajua kwa kadi tu. Nimehudhuria msiba wa mmoja wao. Tulikuwa umati, na nusu yetu ndiyo siku hiyo tulikuwa tunaonana.

Redio yenyewe ilianza mwaka 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, nikiwa bado sijazaliwa. Nilipopata akili tayari ilikuwa RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam, na tulikuwa tunaanika mawe juu ya bati ili yafike taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Mke anakuuliza umeanika nini, nguo au mawe.

Mtunzastoo, nina swali moja. Na ndugu zako je? Nao uliwaambia wapige?

Fundi Risasi

Shikamoo mzee. Kuanika mawe hakukuwa ushamba, kulikuwa na ukweli ndani yake. Yale mawe ya zinki na kaboni yakitumika mfululizo yanachoka upande wa ndani kabla dawa haijaisha. Yakipumzika na kupata joto, dawa inatembea tena, unapata nusu saa ya ziada. Ila ukizidisha yanavuja na kula springi za redio. Mtunzastoo, angalia springi za hiyo National, kama zina unga wa kijani au mweupe sugua kwa msasa laini.

Msikilizaji wa Kale

Marahaba. Kumbe tulikuwa wanasayansi.

Mtunzastoo

Shikamoo mzee. Swali lako nimelizunguka tangu asubuhi, nikafikiri hakuna atakayeuliza.

Ndugu niliwaambia, ila ndugu si bosi. Bosi anahitaji kitu kwangu, kwa hiyo atapiga. Ndugu wameshazoea kwamba kikiandikwa kwenye grupu la ukoo kila mtu amejua. Machi shangazi yangu alifariki, nilizika, nikashiriki kila kitu. Arobaini ikapangwa Jumapili. Baadaye wakairudisha Jumamosi kwa sababu ya shekhe, wakaandika kwenye grupu, wakaendelea na shughuli. Wiki hiyo ile simu ya kabatini sikuiwasha hata siku moja, nilikuwa na redio. Jumapili asubuhi nimevaa kanzu, nimebeba mchele kilo kumi, nafika Rufiji nakuta vijana wanakunja turubai. Masufuria yameshaoshwa. Binamu yangu akanitazama, akauliza: "Umepotelea wapi?" Sikuwa na jibu. Ningemwambiaje, kwamba nilikuwa nalikimbia grupu la mabati?

Mchele waliupokea. Tangu siku hiyo kila Alhamisi usiku naiwasha, nasoma la ukoo kuanzia juu mpaka chini, nazima. Mengine siyafungui.

Mama Broila

Pole sana kaka. Hiyo ingenitoa machozi.

Kiti_cha_Dirishani

Sasa hii ndiyo hoja ya uzi. Kitochi kimemfukuza bosi, kimemfukuza na shangazi.

Mulika Mwizi

Beba mbili kama mimi. Ile kubwa zima data, washa ukitaka wewe. Nani alisema ni moja ama ingine?

Mtunzastoo

Nilijaribu hivyo mwezi wa kwanza. Nikizima data nasikia inaniita hata ikiwa kimya. Wengine mna nguvu ya kuzima, mimi yangu inahitaji kilomita thelathini katikati.

Mtunzastoo

MREJESHO, wiki tatu baadaye. Wakuu, mawili.

Redio imepona. Volyumu nilisafisha kwa spiriti, kapasita nimeipata Kariakoo, springi moja ilikuwa imeliwa kabisa nikatengeneza nyingine kwa waya. Ijumaa usiku nimekaa barazani nimesikiliza taarifa ya habari mwanzo mpaka mwisho, bila ngurumo. Mama alikuja kututembelea, akaisikia akiwa bado nje, akasimama kwanza mlangoni kabla ya kuingia. Fundi, unanidai soda.

La pili ni kazini. Bosi alisema hawezi kuendelea kufanya kazi na mtu asiyepatikana. Nikamwambia, basi nipeni simu ya stoo. Sikutegemea, lakini wameinunua! Simu janja, ina stika ya namba ya mali, imeandikwa kwenye rejista kama mizani na toroli. Na kwa kuwa ni mali ya stoo, utaratibu ni uleule: jioni naiacha ndani, nafunga, funguo nakabidhi. Nimeingizwa humo kwenye magrupu yote, hata lile la bendera.

Tatizo limehamia kwa mlinzi. Ananiambia kila usiku kuanzia saa tatu kitu kinalia ndani ya stoo, kinawaka taa, kinazima, kinawaka tena. Mara ya kwanza alizunguka jengo lote na rungu. Jana amenisubiri getini asubuhi, ananiomba nimwonyeshe inavyozimwa sauti.

Meneja Mnyonge

Hiyo saa tatu na dakika tano ni mimi na wenzangu. Mpe pole mlinzi.